Laini ya Jumapili

Simu ilipolia Jumapili ile, Bi Sauti alikuwa amesimama jikoni na mwiko mkononi, akiilaumu mvua. Ilikuwa imemwagika tangu jana yake bila huruma, mkaa ukanyonya unyevu wote, na maharage aliyoyabandika asubuhi ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kuchemka. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikwisha kwenda kazini. Mvua ikinyesha namna ile, kituo cha simu hakina Jumapili.

Jina la Sauti hakupewa na wazazi wake, alipewa na mji. Alikuwa opereta. Mtu akinyanyua simu, yeye ndiye aliyemwuliza anataka namba gani, akamchomekea waya kwenye tundu la huyo anayetakiwa, na watu ambao hawakuwahi kumwona uso walimsalimia sokoni pindi alipofungua mdomo kuuliza bei. Kisha ukaja mtambo wa kujiendesha. Maopereta wote wakakusanywa, wakapewa chai na saa ya mkononi kila mmoja, wakaambiwa ahsanteni sana. Aliyekuwa amepanda juu ya ngazi siku ile, akikaza skrubu za mtambo wenyewe, alikuwa mume wake. Waliishi na jambo hilo kama watu wanavyoishi na paa linalovuja: unaweka ndoo, maisha yanaendelea.

Alifuta mikono, akanyanyua simu.

"Mama."

Alimtambua kabla neno halijaisha. Alikuwa Kasuku, binti yao wa pekee, aliyepewa jina hilo la utani kwa sababu utotoni hakuwa na breki ya mdomo. Miezi kadhaa sasa alikuwa hakanyagi nyumbani. Tumbo lilipoanza kuonekana, baba yake alimwambia asirudi mpaka aliyempa mimba aje kujitambulisha, na mwanamume huyo alikwisha kuingia mitini. Tangu siku hiyo Kasuku alikuwa akimpigia mama yake kwa kuvizia, saa ambazo baba yuko kazini. Hakusema anakaa wapi, wala mama hakumkaba. Wote wawili walijua kwamba Fundi akimkazia mkewe macho, mkewe atasema.

"Mama, natoka damu."

"Damu? Mbona bado miezi haijatimia?"

"Sijui. Ni nyingi. Nimejikokota tu mpaka hapa kwenye simu."

"Uko na nani?"

"Peke yangu. Leo hawaji kazini."

"Hawaji kina nani? Kasuku, uko wapi nije?"

"Usimwambie baba."

"Mwache baba yako kwanza. Niambie uko wapi, mwanangu."

"Nipo huku kwa..."

Kitu kizito kikaanguka. Halafu kitu chepesi kikagonga ukuta, kikagonga tena polepole, kikatulia. Bi Sauti aliita mpaka koo likamuuma. Hakujibiwa.

Lakini laini haikukatika. Alibonyeza kitufe cha kukatia akakiachia, na badala ya mlio wa mtambo alisikia uwazi ule ule, kama wa chumba ambacho mlango wake umeachwa wazi. Hapo ndipo akayakumbuka maelezo ya mumewe. Wakati mtambo ulipokuja alimtaka amweleze ni kitu gani hicho kilichomnyang'anya kiti chake, na Fundi akakaa naye mezani, akatumia vijiti vya kiberiti.

"Ukizungusha namba ya kwanza," alisema siku hiyo, "kule kituoni kuna fimbo ya chuma inapanda juu, vipandio sawasawa na namba uliyozungusha. Ikifika inajigeuza yenyewe, inatafuta njia ambayo haina mtu. Inayofuata inapokewa na fimbo ya pili, vivyo hivyo, mpaka ya mwisho, ambayo ndiyo inagusa waya wa nyumba yenyewe. Basi, simu inalia. Na zote zinabaki zimesimama hivyo hivyo mpaka aliyepiga aweke simu chini. Aliyepigiwa hata akiweka, hata akienda kulala, hazishuki."

"Na nani anajua ni nani amepiga?"

"Hajui mtu. Anayetaka kujua lazima afuate fimbo kwa macho, kutoka ya mwisho hadi ya kwanza, wakati bado zimesimama. Zikishuka hakuna alama."

"Mimi nilikuwa najua kila aliyepiga," Bi Sauti alisema, na Fundi akacheka, akarudisha vijiti kwenye kiberiti.

Sasa hakuna aliyekuwa akicheka. Fimbo zilikuwa zimesimama, na mwisho wa fimbo hizo alikuwa mwanawe amelala sakafuni mahali fulani katika mji huu. Alihitaji mtu wa kuzifuata tu, na mtu huyo alikuwa mumewe. Tena hakuweza kumpigia kwa simu hii, kwa kuwa simu hii ilikuwa imeshikwa na Kasuku mwenyewe.

"Mwanangu, namwita baba yako," alisema ndani ya simu. "Hata kama huwezi kusema, usikate."

Aliulaza mkono wa simu mezani kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia, akatoka mbio. Sufuria aliiacha motoni.

*

Simu ya karibu ilikuwa dukani kwa mzee mmoja ambaye hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Kufuli, kwa sababu gurudumu la namba la simu yake alilipiga kufuli dogo la sanduku, na ufunguo wake akautia kwenye mkufu mmoja na funguo nyingine zote za maisha yake.

"Leo maajabu," Kufuli alisema alipomwona akiingia na matope hadi magotini. "Mwenye simu ya bure nyumbani amekuja kwa Kufuli."

"Nifungulie simu, mzee wangu. Nina shida."

"Shida zote zinapokelewa. Hela kwanza."

"Sikubeba. Nitakuletea."

"Wote hunambia hivyo. Waulize hawa."

Hawa walikuwa wanawake wawili waliokuja kununua sukari, nao wakatazama pembeni kwa heshima ya kijinga inayouma kuliko kuchekwa. Bi Sauti alivua saa ya mkononi, ile ya kuagwa, akaiweka juu ya kaunta.

"Mwanangu anakufa," alisema. "Chukua hii, nifungulie."

Kufuli hakuigusa saa. Alianza kuhangaika na mkufu wake, akajaribu ufunguo wa stoo, akajaribu wa kabati, mpaka kufuli likakubali. Bi Sauti akazungusha namba ya kituo. Ilikuwa inatumika. Akazungusha tena, ikawa inatumika, maana mji mzima uliolowa ulikuwa unalalamika. Alirudia kuizungusha bila kuhesabu, akingoja kila mara gurudumu lijirudishe kwa utaratibu wake ule usiojua haraka ya mtu.

"Kituo," sauti ya Fundi ikasema mwishowe.

"Ni mimi, usinikate. Kasuku amepiga nyumbani. Yuko peke yake, anatoka damu, ameanguka na simu hakuiweka. Laini yetu imeshikwa. Zifuate fimbo sasa hivi."

"Kasuku?" aliuliza Fundi. Jina hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwake tangu siku ile ya ugomvi.

"Nenda, bwana. Utauliza baadaye."

Alisikia simu ikiwekwa mezani na viatu vikikimbia. Nyuma ya hapo ulikuwepo mtambo wenyewe, tak-tak-tak za fimbo zikipanda, sauti aliyoichukia siku zote na ambayo leo aliisikiliza kama dua. Dukani hakuna aliyekuwa akipima sukari. Viatu vikarudi, lakini havikuwa vinakimbia.

"Mama," Fundi alisema.

"Nipe mtaa."

"Imeshuka."

"Imeshuka nini?"

"Fimbo ya nyumbani. Haina mtu."

"Nimeiacha sasa hivi imesimama."

Fundi alianza neno, akaliacha katikati. Kisha akasema kwa haraka, "Basi ameiweka chini mwenyewe. Ndiyo. Ameinuka akaiweka. Mtu wa kuinuka na kuweka simu chini ana nafuu huyo. Nenda nyumbani, kaa karibu na simu. Atapiga tena."

Bi Sauti alikuwa amepata mshahara wake wote kwa kusikiliza sauti za watu. Alijua sauti ya mdaiwa, ya mchumba, ya mtu anayesema yuko salama huku amelala hospitali. Alisikia kitu katika sauti ya mumewe, akakisikia wazi kabisa, na hakukitaka. Maneno yenyewe yalikuwa matamu mno. Aliyashika hayo, akarudisha simu mahali pake.

Kufuli alimfuata mpaka barazani na saa yake.

"Chukua, mama. Unisamehe mdomo wangu."

*

Nyumbani maharage yalikuwa yameungua na moshi umejaa mpaka chumbani. Mkono wa simu ulikuwa pale pale alipoulaza. Alipouweka sikioni alisikia mlio wa kawaida wa mtambo, ule unaokuambia zungusha namba yako, kana kwamba hapajatokea lolote. Akaurudisha. Akavuta kiti, akakaa.

Alikaa hapo hadi giza lilipoingia. Hakwenda msalani, hakuzima vizuri hata moto. Jirani aligonga kuuliza moshi ni wa nini, akamjibu dirishani. Simu ililia mara moja tu. Alikuwa mwanamke anayetafuta duka la mikate, aliyekosea namba, na Bi Sauti alimwambia umekosea kwa upole wa kazi yake ya zamani, kisha akalia kidogo kwa sababu ya huo upole. Kila alipotaka kuinuka atoke akamtafute alijiuliza, je, akipiga nikiwa sipo?

Fundi alirudi amelowa chapachapa. Vidole vyake vilikuwa vimechanika kwenye ncha.

"Hajapiga?"

"Hajapiga."

"Atapiga."

"Mbona sauti imekukauka hivyo?"

"Vumbi la mtambo."

"Vumbi, na mvua hii?" Bi Sauti alimtazama. "Twende polisi."

"Nimetoka huko." Fundi aliketi kwenye kigoda akaanza kuhangaika na kamba za viatu. "Wameniuliza mtaa. Nikasema siujui. Wameniuliza anafanya kazi wapi. Siijui. Yule askari akaweka kalamu chini akaniambia, mzee, huyu ni binti yako wa kumzaa kweli?"

Hilo liliwachoma wote wawili. Kisha Bi Sauti akafikiri jambo jingine.

"Kama ana nafuu, polisi uliendea nini?"

Fundi alivua kiatu kimoja, akakiweka sambamba na ukuta, akavua cha pili.

*

Simu ililia asubuhi ya Jumatatu. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, asiyeizoea simu, anayesema kwa nguvu.

"Hapo ni nyumbani kwa Kasuku?"

"Ndiyo. Mimi ni mama yake."

"Mama, una mtu karibu nawe hapo?"

Bi Sauti aliwahi kuunganisha simu nyingi zenye swali hilo, na nyakati zile alikuwa akitoa visikizio masikioni ili asisikie kinachofuata. Safari hii hakuwa na cha kutoa. Alimpungia Fundi mkono aje, akasikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante, akauliza hospitali ni ipi.

Mwanamke yule alikuwa msimamizi wa karakana ya kushona sare za shule. Kasuku alikuwa mshonaji wake, na kwa kuwa hakuwa na pa kulala alimpa chumba cha nyuma na funguo, awe analinda. Jumapili karakana inafungwa. Aliwangoja hospitalini, akawapeleka baadaye kuchukua vitu vya marehemu, akisema njia nzima kwamba alikuwa mtoto mwenye mkono mzuri, mishono yake haikufumuka. Daktari hakuwa msemaji. Alieleza tu kwamba damu ilimwisha polepole, pengine kutwa nzima, na kwamba mtoto naye alikuwa wa kike. Hakujua anawaambia nini.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye vyerehani vilivyofunikwa vitambaa. Simu ilikuwa ukutani mwishoni kabisa, na pembeni yake, kwa chaki ya kushonea, iliandikwa namba: tatu, saba, moja, nne.

"Aliiandika mwenyewe," msimamizi alisema. "Aliniambia, siku nikizidiwa, piga hapo, ila ukipokewa na mwanamume ukate. Nilimkuta hapa chini. Mkono wa simu ulikuwa unaning'inia, karibu umguse shavu."

"Ulikuwa unaning'inia," Bi Sauti alisema.

"Ndiyo, mama. Sikuugusa kwanza, niliogopa."

Bi Sauti aligeuka akamtazama mumewe. Fundi alikuwa akikitazama cherehani kilichokuwa karibu naye, akilinyoosha kunjo la kitambaa ambalo halikuwepo. Alikuwa ameinama kama mtu anayesubiri kupigwa. Mkewe alikwenda chumba cha nyuma, akakunja magauni mawili na nguo ndogo za kichanga alizokuta zimeshonwa kwa mabaki ya sare, akazifunga pamoja.

*

Alingoja mpaka watu wa msiba walipotawanyika, viti vya kuazima vikarudishwa, na nyumba ikabaki na wawili. Fundi alikuwa mezani. Chai iliyokuwa mbele yake ilikwisha kupoa.

"Nani aliishusha ile laini?" Bi Sauti aliuliza.

Fundi hakujifanya kutoelewa.

"Mimi."

"Nieleze."

"Mvua ilikuwa imeingia kwenye nyaya za chini. Waya ukilowa unaudanganya mtambo, mtambo unadhani mtu amenyanyua simu, fimbo zinaamka, nyingine zinapanda na kujishikilia bure. Taa zilikuwa zimewaka kila safu. Zikiachwa hivyo mji mzima haupati laini. Kazi ya siku ya mvua ni kupita unazishusha kwa mkono, moja moja, kila waya mbovu unauchomekea kabari usiamke tena. Ndiyo kazi niliyokuwa nayo tangu asubuhi."

"Na sheria ya kazi?"

"Usikilize kwanza. Useme halo. Asipojibu mtu, ufuate laini ujue inatoka wapi inakwenda wapi, ndipo ushushe." Alikisogeza kikombe pembeni. "Nilisikiliza. Nikasema halo, mara mbili nadhani. Hakuna mtu. Nilisikia tu mfuniko wa sufuria ukigongagonga. Nikajisemea, hawa wamekwenda jikoni wameacha simu vibaya. Sikuifuata. Zilikuwa nyingi, Mama, mgongo ulikuwa unaniuma. Nikaishusha, ikaamka tena, nikaichomekea kabari kama nyingine. Halafu ukapiga."

"Ilikuwa sufuria yangu."

"Sufuria yako."

"Uliisikia nyumba yako mwenyewe, usiijue."

Fundi alifunika uso kwa viganja. "Ilipokwisha kushuka haikuwa na tofauti na nyaya zilizolowa. Nilichomoa kabari zote, moja baada ya nyingine. Kila waya niliuita. Nilisema Kasuku, ni baba, sema kitu, hata kohoa tu. Nimeita kutwa. Mtu aliyezimia na waya uliolowa wananyamaza namna moja."

Hapo Bi Sauti alielewa sauti ilimkauka kwa nini, na vidole vilichanikia wapi. Alimhurumia, na huruma hiyo haikupunguza chochote.

"Lakini mimi uliniambia ameiweka chini mwenyewe."

"Nilitaka iwe hivyo."

"Ungeniambia ukweli ningetoka. Ningegonga kila mlango wenye simu. Ningemchukua Kufuli na wale wanawake wa sukari, tukapita mitaani tunapiga kelele. Ungenitajia tu nyumba zenye nyaya zako zote hizo. Nilikaa kwenye kiti, Fundi. Mwanangu anamwaga damu, mimi kutwa nzima nimekaa kwenye kiti, kwa neno lako."

Fundi alilia kwa sauti, kama hakuwa amelia makaburini. Mkewe alimwacha amalize. Kisha akaenda kuchukua viatu vyake.

"Vaa," alisema. "Nipeleke kituoni."

*

Hakuwa ameingia humo tangu siku ya chai na saa. Mlinzi alisimama kumsalimia, akakumbuka msiba, akavua kofia. Chumba walichokuwa wakikaa maopereta kilikuwa kimevunjwa ukuta kikaunganishwa na ukumbi, na pale kilipokuwa kiti chake pamewekwa mifagio na debe la mafuta. Ukumbi wenyewe ulijaa fremu za chuma zilizopangwa mistari hadi darini, na katika kila fremu fimbo zimejipanga safu kwa safu. Hapa moja ilipanda na kugeuka, kule nyingine ikashuka, pasipo mtu yeyote kuzigusa. Ilikuwa siku kavu. Zilizosimama zilikuwa na watu kweli.

"Ile ya nyumbani iko wapi?"

Fundi alimwonyesha, mwisho kabisa wa ukumbi, fremu ya karibu na dirisha.

"Kasimame hapo."

Yeye akaenda upande wa pili, kwenye meza ya majaribio penye simu ya mafundi, akakaa. Kutoka hapo hawakuonana. Fremu zote zilikuwa katikati yao. Alinyanyua simu. Akazungusha tatu, akasikia mahali fulani tak-tak-tak na mnong'ono wa fimbo ikijigeuza. Akazungusha saba. Akazungusha moja, kisha nne. Sikioni mwake simu ikaanza kulia nyumbani kwao, ambako hapakuwa na mtu wa kuipokea.

"Imesimama?" aliuliza kwa sauti ile ambayo mji mzima uliijua.

"Imesimama."

"Nifuate."

Alimsikia Fundi akianza. Kwanza hatua moja, kisha kimya cha mtu anayesoma kwa kidole, kipandio gani, upande gani, waya unatokea fremu ipi. Kisha hatua nyingine. Alimsikia akijinong'oneza kama zamani alipokuwa akimfundisha Kasuku kusoma, kidole chini ya kila neno. Alifika nyuma ya fremu ya katikati, akaonekana bega, akainama, akachuchumaa, akainuka. Bi Sauti hakumsaidia. Aliushika mkono wa simu kwa mikono yote miwili na hakusema kitu, kwa sababu aliyelala sakafuni hakusema kitu.

Fundi akatokea kwenye kichochoro cha mwisho. Kidole chake chenye kovu jipya kilifuata waya ubavuni mwa fremu, kikashuka nao hadi ukingoni mwa meza, kikaja taratibu juu ya mbao, kikagusa simu aliyoishika mkewe.

"Nimekupata," alisema.

"Kuifuata ni muda huu tu?"

"Ni muda huu tu."

Bi Sauti alitikisa kichwa kukubali. Alibaki ameketi kidogo, mumewe amesimama mbele yake, kidole bado kiko juu ya waya. Kisha akaiweka simu chini. Nyuma yao fimbo zikaanguka zenyewe, moja baada ya nyingine, hadi ile ya karibu na dirisha, na nyumbani, katika chumba kisicho na mtu, simu ikaacha kulia.